Karanga Zimefungiwa Barua ya Babu Yako

Waandishi chipukizi wenzangu, leo sikuja na shairi. Nimekuja na ugomvi, na ninaogombana nao ni ninyi mnaoshinda vijiweni, kuanzia Sinza hadi Kibaha Maili Moja, mkilalamika kwamba Bongo hakuna cha kuandika. Eti historia yetu ilishabebwa na wazungu. Eti nyaraka zote ziko ughaibuni.

Ni kweli, nyingi ziko huko. Barua za zamani kabisa za Kiswahili tunazozijua ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, na leo zimehifadhiwa Goa, India. Mjerumani Büttner alichapa Berlin kitabu kizima cha barua na hati za Waswahili mwaka 1892. Haya, hizo zimekwenda. Je, na hizi zilizo chini ya kitanda cha bibi yako, nazo zimebebwa na nani? Hizo tunazimaliza wenyewe, bwana, kwa kufungia karanga na kuwashia mkaa.

Ninachotaka ni kwamba kila anayejiita mwandishi aanze kukusanya barua za kale zilizoandikwa kwa mkono, pamoja na vile vikaratasi tunavyoviita takataka, na aanzie kwao. Mimi nilianzia Magindu.

Magindu iko mkoa wa Pwani, kando ya reli ya kati, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Morogoro 1907. Bibi yangu mzaa mama ana sanduku la bati. Nilipomwomba anifungulie alinitazama kama mtu aliyeombwa nguo ya ndani. "We mume wangu, barua za watu waliokufa unazitakia nini? Unataka kunifunga?" Ilinichukua siku mbili, kilo mbili za sukari na shikamoo zisizo idadi.

Jamani, mle ndani! Stakabadhi za kodi ya kichwa zilizochakaa kwa kukunjwa, kwa sababu mtu alitembea nayo mfukoni asije akakamatwa. Kadi ya TANU, chama ambacho tangu mwaka 1977 hakipo tena. Tiketi ya treni ya kadi ngumu, ndogo kuliko kiberiti. Kijitabu cha kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ukurasa wa choo umechorwachorwa na mtoto. Kadi ya mwaliko wa harusi ya watu walioachana kabla sijazaliwa. Na barua. Nilihesabu sitini na tatu.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, hasa ninyi mnaoandika riwaya ambamo mwanakijiji wa mwaka 1975 anaongea kama mtangazaji wa redio. Barua ya kijijini ilikuwa na mwenendo wake. Huanza na salamu ndefu, mimi mzima hofu ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu, kisha "ama baada ya salamu", kisha wazo lenyewe, ambalo mara nyingi ni mistari mitatu tu, nayo ni ya shida. Halafu orodha ya wa kusalimiwa, jina kwa jina, na ukiisoma vizuri utajua nani kagombana na nani kwa kuangalia nani kaachwa.

Tena aliyeandika na aliyesema si mtu mmoja. Shangazi hajui kusoma, anamwita mtoto wa darasa la saba, anamtamkia, mtoto anaandika kwa sarufi ya shuleni. Lakini shangazi akikasirika sarufi inavunjika, maneno ya Kizaramo yanaingia yenyewe. Mwishoni mtoto naye anajipenyeza: "Na mimi niliyeandika barua hii nakusalimu sana." Nionyesheni riwaya ya Kiswahili iliyowahi kufanya hivyo! Wengine walijifunza kuandika ukubwani, Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima na madarasa ya kisomo yakapamba moto. Herufi zao ni kubwa kama mahindi, mstari unapanda kilima, na kila neno limegharimu jasho. Hayo huyapati kwenye kitabu cha historia.

Mnajua lakini yanavyokwisha. Mtu akifa, nguo zinagawiwa, mashamba yanagombewa, redio inachukuliwa na mjomba, na makaratasi yanachomwa nyuma ya nyumba na wanaofanya usafi wa arobaini. Hakuna anayerithi karatasi. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958 zilikuja kuwa kitabu mwaka 2002. Zilitufikia kwa sababu aliyeandikiwa alizitunza. Basi. Hakuwa taasisi, alikuwa ndugu. Je, angekuwa na mkwe msafi sana?

Msiniambie sasa tuna WhatsApp. Simu ikikwapuliwa Kariakoo, mapenzi yako yote ya miaka minne yamekwenda nayo, na mwizi hata hayasomi.

Nina neno pia na wale wa stempu. Mtu anapata bahasha ya mwaka 1966, anakata kipembe chenye stempu, anatupa iliyobaki. Huyo kauza ng'ombe kabakiza kwato! Muhuri wa posta ndio unaokwambia barua ilipita wapi na siku gani. Anwani ndiyo inayokwambia kwamba mtu wa Magindu hakuwa na sanduku la posta, barua zake zilipitia shuleni au dukani, au zilipelekwa mkono kwa mkono. Bahasha na barua haziachanishwi.

Mtaniuliza mtaji. Penseli, karatasi nyeupe safi, boksi lenye mfuniko na mahali pakavu pasipo mchwa. Kila karatasi iandikie, kwa penseli na kwenye kipande cha pembeni, nani alikupa, wapi, lini, na alisema nini alipokupa. Pini na stepo toa taratibu, kutu inatoboa. Selotepu usiguse kabisa, gundi yake inageuka njano na kuharibu karatasi, na laminesheni ni kuizika barua ikiwa hai. Piga picha kila kitu pande zote mbili, hata ule upande mtupu, maana mara nyingi kuna hesabu ya korosho kwa nyuma.

Na usinunue! Hapa najua wengine tutakosana. Ukishatangaza bei, kesho vijana watamwibia bibi yao, keshokutwa karani atakutolea mafaili ya ofisi ya serikali, na hayo yana sheria yake ya mwaka 2002. Karatasi za shamba, zile za mauziano zenye mashahidi na dole gumba la wino, piga picha umwachie mwenyewe palepale, kwa sababu Kibaha na Kisarawe kwa viwanja vinavyogombewa siku hizi, hiyo karatasi moja ndiyo nyumba yake. Barua za mapenzi za mtu aliye hai, muulize kwanza. Bibi yangu alizitoa nne akaziweka kwenye kanga yake, sikuuliza tena.

Kuna wanaojitetea kwamba makaratasi ya kwao yameandikwa kwa Kiarabu. Mwenzangu, umejuaje kama ni Kiarabu? Wazee wetu wengi waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo wa miswada ya namna hiyo, mingi ikiwa imekusanywa na J.W.T. Allen, na orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Nyumbani kwetu ilikuwepo karatasi moja hivyo, imekunjwa mara nne, haiguswi na mtu. Wajomba walisema ni dua ya kinga, mmoja akasema ni kombe, akatushauri tuizike kwa heshima. Nikaipeleka kwa mwalimu wa madrasa. Akavaa miwani, akaisoma kimya mpaka mwisho, akaanza kucheka. Lilikuwa deni la mbuzi wawili, limeandikwa mbele ya mashahidi watatu, na mdaiwa ni ukoo wetu.