Kombora na Kituo cha Utangazaji

Katika masuala ambayo vita vya Kosovo vya mwaka 1999 viliyaacha bila jawabu la kuridhisha, hakuna linalonisumbua kama hili: kwamba dola zilizotangaza kuwa zinapigania utu wa wanyonge ziliona ni halali kulipiga kwa kombora jengo la redio na televisheni ya Serbia, katikati ya mji wa Belgrade, usiku wa kuamkia tarehe 23 Aprili, ilhali mlikuwamo watu wa zamu ya usiku. Walikufa 16, nao walikuwa mafundi wa mitambo, walinzi, na mwanamke mmoja kijana ambaye kazi yake ilikuwa kuwapaka poda watangazaji kabla hawajakaa mbele ya kamera.

Sharia ya vita, kama ilivyoandikwa katika kifungu cha 52 cha Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya mwaka 1977 kwa Mikataba ya Geneva, haiulizi kama mwenye kituo ni mkweli au mwongo. Inauliza mambo mawili, nayo sharti yakutane: je, kitu hicho kinasaidia kweli katika mapigano, na je, kukivunja kutampa mshambuliaji faida ya kijeshi iliyo dhahiri kwa hali ya saa ile ile? Mnara unaopeleka amri za majenerali kwa vikosi vyao hauna kinga, hata kama mchana kutwa unarusha nyimbo na mahubiri.

Wakubwa wa NATO waliishika hujja hiyo, wakanena kuwa mitambo ya televisheni ilikuwa imeungana na mawasiliano ya jeshi la Rais Milošević. Lau wangaliishia hapo, mjadala ungaliachiwa mafundi. Lakini majuma mawili kabla ya shambulio, msemaji wao wa kijeshi alikwisha kutamka hadharani kwamba kituo kingesalimika iwapo kingerusha kila siku saa sita za habari za nchi za Magharibi pasipo kukatwa neno. Maneno hayo yapimwe kwa utulivu. Ikiwa mitambo ile ilikuwa ikipeleka amri za vita, saa sita za habari za kigeni zisingeiondolea sifa hiyo hata chembe, maana amri zingeendelea kupita kama kawaida. Na ikiwa saa sita hizo zilitosha kuiokoa, basi kilichowindwa ni maneno. Mimi sioni njia ya tatu.

Kamati iliyoundwa na Mwendesha Mashtaka wa mahakama ya The Hague ya uhalifu wa vita vya Yugoslavia ilikiri, mwaka 2000, kuwa propaganda peke yake haikifanyi kituo kuwa shabaha halali, kisha ikashauri uchunguzi usifunguliwe, kwa kuwa iliikubali ile hujja ya mawasiliano. Nadhani mizani yake ilipinda, kwani kituo kilirejea hewani baada ya saa chache tu.

Najua nitajibiwa kwa Rwanda, na jibu hilo ni zito, hasa kwetu ambao kesi ya wakuu wa redio RTLM ilisikilizwa Arusha na kutolewa hukumu Desemba 2003. Redio ile ilitaja majina ya watu na mahali walipojificha, na wauaji wakaenda. Kituo cha namna hiyo kimekwisha kuwa silaha, nami sina la kuutetea mnara wake. Hata hivyo, Jenerali Dallaire wa Umoja wa Mataifa alipoomba sauti ile inyamazishwe, Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilihesabu, Mei 1994, kwamba ndege ya kuyaziba mawimbi ingegharimu dola 8,500 kwa kila saa ya kuruka, ikaona haifai. Baada ya miaka mitano, dola ile ile ilikuwa kinara wa jumuiya iliyopiga kituo ambacho kosa lake kubwa lilikuwa uongo.

Mwaka 2002 mahakama ya Serbia ilimhukumu mkurugenzi wa kituo kifungo cha miaka 10 kwa kutowaondoa wafanyakazi wake, nami siipingi hukumu hiyo. Lakini kifungu cha 57 cha Itifaki kinamtaka mshambuliaji mwenyewe atoe indhari ya kufaa kwa raia kila hali inaporuhusu, na jengo lisilohama, lililokwisha kutishiwa hadharani, lilikuwa na nafasi ya kuonywa kwa siku na saa. Hatia ya mkurugenzi haimfutii mshambuliaji wajibu huo. Na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, ilipolikataa shauri la wafiwa Desemba 2001, ilisema tu kwamba halimo katika mamlaka yake, wala haikusema kuwa kombora lile lilikuwa halali.