KAMPUNI INASEMA HAIWAJUI!

Leo tunauliza swali moja tu, nalo tunaliuliza hadharani. Mtu akiamka alfajiri, akavaa nguo za kazi zenye alama ya kampuni ya mafuta, akapita lango la kampuni, akaosha matangi ya kampuni, akajaza magari ya kampuni, akaamrishwa na msimamizi wa kampuni tangu asubuhi mpaka jioni, je, mtu huyo ni mfanyakazi wa nani?

Mtoto wa shule atajibu. Lakini siku mtu huyo anapoachishwa kazi na kudai haki yake, jibu hubadilika. Hutoka karani mwenye tai akasema: "Hawa hatuwajui. Mwulizeni mkandarasi." Wakienda kwa mkandarasi, wanakuta mlango umefungwa, au wanaambiwa kwamba yeye naye hajalipwa. Kampuni inawasukuma kwa mkandarasi, mkandarasi anawarudisha kwa kampuni, na kodi ya chumba haingoji. Mtu aliyevuta mvuke wa petroli Kurasini kwa miaka minane utamkuta leo Mtaa wa Kongo ameshika soksi mkononi, anawaita wapita njia.

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni jipya, ni mambo ya biashara ya kisasa. La hasha! Jambo hili ni la zamani kuliko soko la Kariakoo lenyewe. Hebu tutazame jina la mtaa wetu. Kariakoo ni Carrier Corps, jeshi la wapagazi wa Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, ambao kambi yao ilikuwa papa hapa. Watu wetu walibeba risasi na unga wa Mfalme kichwani, wakavuka mito na misitu. Makumi ya maelfu walikufa, na maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi. Vita vilipokwisha, ujira wa wengi waliokufa ulibaki bila kulipwa, na Serikali ya Uingereza ikakataa kuutoa. Mwaka 1927 ikasimamishwa sanamu ya Askari katikati ya mji, na maneno yaliyoandikwa pale yanawataja wapagazi kwa heshima. Sifa zilipatikana, shilingi hazikupatikana.

Basi mtu wa Kariakoo asiambiwe kwamba haelewi maana ya kutumiwa na kukanwa. Anaishi ndani ya jina hilo.

Tazama tena bandari yetu. Zamani kazi ya meli ilifanywa na vibarua wa kutwa. Meli ikiwapo, waliitwa. Meli ikiondoka, hakuna aliyewajua. Vibarua hao waligoma mwaka 1939. Septemba 1947 watu wa bandari waligoma tena, na safari hii mgomo ulienea mjini, ukafuata reli mpaka bara. Wakapata nyongeza ya mishahara, na mwaka huohuo wakaunda chama chao. Chama hicho kilivunjwa mwaka 1950 baada ya mgomo mwingine, lakini somo halikuvunjwa: kibarua akiwa peke yake hana jina, na akiwa pamoja na wenzake kila bwana anamjua.

Sasa tutazame sheria ya nchi yetu wenyewe, kwa maana hatuko tena chini ya Gavana. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 61, haikuuliza tu kilichoandikwa katika karatasi. Iliuliza mambo ambayo kila mfanyakazi anayafahamu. Nani anakuongoza namna ya kufanya kazi? Nani anakupangia saa? Nani anakupa vifaa? Unamtegemea nani kwa riziki yako? Likithibitika hata moja katika mambo ya namna hii, sheria inachukulia kwamba wewe ni mwajiriwa, mpaka atakayekataa athibitishe kinyume. Hivyo ndivyo akili ya kawaida inavyosema. Mwajiri ni yule ambaye mkono wake unaamuru kazi, wala si yule tu anayeshika orodha ya majina siku ya malipo.

Tena mwaka 2014 Serikali ilitoa kanuni za kuwazuia mawakala wa ajira wasiwe waajiri wa watu wanaowapeleka kufanya kazi kwa wengine. Ikawa nini? Wako waliobadili ubao wa mlangoni tu. Jana "wakala", leo "mkandarasi wa huduma". Watu ni walewale, lango ni lilelile, mshahara ni uleule.

Kampuni zitasema kwamba zina haki ya kutoa tenda. Hatukatai. Mtu anayeita fundi kuja kutengeneza paa siku mbili hakumwajiri fundi huyo. Lakini kuosha matangi na kujaza magari ya mafuta kila siku, mwaka baada ya mwaka, si kutengeneza paa. Hiyo ndiyo biashara yenyewe! Mafuta hayajibebi. Faida ya jasho ikiwa ya kampuni, na deni la jasho likawa la mtu mwingine, hiyo si biashara. Huo ni unyonyaji uliovaa suti.

Wala tusidanganyane kwa kumlaumu mgeni peke yake. Mkandarasi mara nyingi ni ndugu yetu, mwenye rangi yetu na lugha yetu. Wakati wa ukoloni tulikuwa na jina la mtu kama huyo: nyapara. Uhuru haukupiganiwa ili nyapara apate gari.

Kwa hiyo tunasema haya. Kwanza, kila tenda ya kampuni ya mafuta iseme wazi kwamba malipo ya mwisho ya mkandarasi hayatoki mpaka wafanyakazi wake wamelipwa, na kwamba akikimbia, kampuni italipa. Pili, wafanyakazi wa kudumu waache kuwadharau wenzao wa mkandarasi. Anayecheka leo kesho atapewa barua ya kuhamishiwa kwa mkandarasi. Chama kiwe kimoja kwa wote wanaopita lango moja.

Tatu, nanyi ndugu mlioachishwa, msikae barazani mkingoja huruma. Tunzeni kila karatasi: kitambulisho cha lango, hati ya mshahara, orodha ya zamu. Pelekeni shauri lenu Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa kuachishwa kazi isivyo haki, kanuni za mwaka 2007 ziliweka siku 30 tu, na kwa madai mengine siku 60. Ndiyo sababu wanawazungusha, leo njoo, kesho njoo, mpaka siku ziishe. Msikubali kuzungushwa. Andikeni majina ya wote wawili, mkandarasi na kampuni, ili waulizane wao kwa wao mbele ya mwamuzi.

Wapagazi wa Carrier Corps walikufa wakidai. Hawakuwa na sheria, wala chama, wala gazeti. Sisi tunavyo vyote vitatu. Tukishindwa, aibu si ya Mwingereza tena. Aibu ni yetu.