Kifafa si Pepo: Tafakari juu ya Seli Zinazozuia



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili twapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya kitu kidogo mno, kisichoonekana kwa macho, ambacho Muumba amekiweka ndani ya kichwa cha kila mmoja wetu. Tunafanya hivyo kwa sababu nzito: katika vijiji vyetu wapo ndugu zetu wanaofichwa ndani, wasiopelekwa shule wala kanisani, kwa kuwa tu huanguka kifafa.

Tuanze na mkono wa mchuma kahawa. Mkono hunyooka, vidole viwili hulishika tunda lililoiva, huliacha bichi lililo kando yake, na tawi halivunjiki. Twadhani kazi hiyo hufanywa na amri moja ya ubongo isemayo "fanya". Sivyo. Mwingereza Charles Sherrington, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1932, alionyesha kwamba msuli mmoja unapokazwa, ule unaopingana nao hutulizwa. Kama yote miwili ingekazwa kwa nguvu moja, mkono usingekwenda popote. Hivyo, ili tutende jambo moja vema, mambo mengine mengi hayana budi kuzuiwa.

Kazi hiyo ya kuzuia ina watumishi wake. Katika ubongo zipo seli za neva zinazoamsha, na zipo zinazozuia. Hizi za pili hutumia hasa kemikali iitwayo GABA, ambayo wataalamu waliigundua katika ubongo mwaka 1950. Wala si za namna moja. Zipo zinazoizunguka seli jirani na kuibana mwilini mwake. Zipo zinazoikamata pale ujumbe wake unapoanzia safari. Zipo zinazotuliza matawi yake ya mbali. Na zipo ambazo kazi yake ni kuzizuia zile zinazozuia, ili mlango ufunguke kwa wakati wake. Mwezi Oktoba 2021 watafiti walitangaza katika jarida la Nature orodha ya seli za sehemu ya ubongo inayoamuru misuli. Kwa binadamu walitenganisha aina 127, na 72 kati ya hizo ni za kuzuia. Kwa idadi, seli za kuzuia ni chache kuliko zile za kuamsha. Lakini kwa aina zimezipita. Muumba hakuona kwamba "hapana" ya namna moja yatosha.

Wakazi wa kandokando ya barabara iendayo Tunduma hawahitaji maelezo marefu hapa. Twajua lori lisilo na breki humalizia wapi safari yake. Ndivyo ilivyo kifafa. Nguvu ya kuamsha inapoishinda nguvu ya kuzuia, seli nyingi hulipuka kwa pamoja, kila msuli hupokea amri kwa wakati mmoja, na mtu huanguka. Hapo hakuna mgeni aliyeingia ndani ya mtu huyo. Ni mizani iliyovurugika.

Ni nini huivuruga mizani hiyo? Sababu ni nyingi: jeraha la kichwa, malaria kali utotoni, shida wakati wa kuzaliwa, na nyinginezo. Lakini ipo moja inayotuhusu sana sisi wa Wilaya ya Mbozi, nayo ni tegu wa nguruwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wilaya yetu ikiwa bado katika Mkoa wa Mbeya, uliwapima watu 830 katika vijiji 13 vya Mbozi. Damu ya karibu mtu mmoja kati ya sita ilionyesha dalili za kuwapo kwa lava wa tegu huyo mwilini. Si kila mwenye lava hao hupata kifafa. Lakini wakifika katika ubongo, kifafa ni mojawapo ya matunda yao machungu.

Tuelewe vema njia yake. Alaye nyama ya nguruwe isiyoiva, yenye vifuko vyeupe mithili ya punje za mchele, hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi chake. Nguruwe anayezurura hula kinyesi hicho, naye huambukizwa. Lakini mayai hayohayo yakiingia kinywani mwa binadamu, kwa mikono isiyonawiwa, kwa maji au kwa mboga, lava hupasua njia hadi katika misuli na ubongo. Hivyo hata mtu asiyewahi kuonja nguruwe aweza kupata ugonjwa huu, kwa sababu jirani yake hana choo. Kumbe choo ni tendo la huruma kwa jirani, na banda la nguruwe ni sehemu ya upendo wa Kikristo.

Wapo watakaotuuliza juu ya Injili ya Marko, sura ya 9, ambamo kijana aliyekuwa akitupwa motoni na majini aliponywa na Bwana kwa kumfukuza pepo. Twasadiki Injili hiyo bila kupunguza neno. Lakini tuone alichokifanya Bwana: hakumwepuka kijana, bali alimshika mkono akamwinua. Sisi je? Wengi wetu hukimbia, tukidhani povu la mgonjwa huambukiza. Haliambukizi.

Tena, Mama Kanisa ni mwenye busara katika jambo hili. Katekisimu, namba 1673, inataka kuhakikisha kwanza kwamba si ugonjwa, kabla ya kuadhimisha ibada ya kupunga pepo. Na Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1172, inamkataza yeyote kufanya ibada hiyo bila ruhusa ya wazi ya Askofu mahalia. Kwa hiyo anayemwambia mgonjwa wa kifafa kwamba amefunguliwa, aache vidonge, hasemi kwa niaba ya Kanisa. Tena anamhatarisha. Fenobabitali, dawa inayotumika sana katika hospitali zetu, huimarisha kazi ya GABA ileile tuliyoitaja. Ikikatishwa ghafla, degedege laweza kurudi kwa ukali hata kuua. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu na kutoidharau dawa, kwa maana vyote viwili vyatoka kwa Mungu. Sala na kidonge si mahasimu.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hadi watu 70 kati ya 100 wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka, kama wangepimwa na kutibiwa ipasavyo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi twaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo zote: kila moja imtafute mgonjwa wa kifafa aliye katika eneo lake, imsindikize katika zahanati au hospitali, na kufuatilia dawa zake zisikatike. Akianguka, mlazeni ubavu, mwondoeni karibu na moto, msimbane wala kumtia kitu kinywani. Akizidi dakika tano, apelekwe hospitali. Makatekista wasimnyime mtoto yeyote mafundisho ya Komunyo ya Kwanza kwa sababu ya ugonjwa huu. Na kanisani, kiti kilicho kando yake kisibaki kitupu.

Mungu Mwenyezi, aliyeziumba seli zinazoamsha na zile zinazozuia, awabariki nyote.

Wenu katika Kristo,
Paroko, Ihanda