Mvuvi wa Mchezo na Mvuvi wa Kitoweo

Wako watu wavuao ili wapate kula, na wako wavuao ili wajifurahishe. Wote wawili hutia chambo, wote huchomwa na jua, na wote humwomba Mungu awape heri. Lakini siku samaki akikosekana, mmoja hurudi kwake na hadithi ya kuwasimulia rafiki zake, na mwingine hurudi na kapu tupu mbele ya watoto. Leo twataka kusema juu ya watu hawa wawili, na mfano wetu ni maziwa ya Kosi katika Afrika Kusini.

Kosi iko kaskazini kabisa mwa pwani ya KwaZulu-Natal, karibu na mpaka wa Msumbiji. Ni maziwa manne yaliyoungana kama shanga katika uzi, nayo yana mlango mmoja wa kutokea baharini. Maji yakijaa bahari huingia, yakipwa hutoka. Kwa hiyo maziwa yaliyo karibu na mlango yana chumvi, na lile la ndani kabisa, Amanzimnyama, yaani maji meusi, lina maji baridi. Kubwa kuliko yote ni Nhlange.

Wenyeji wa Kosi wamevua humo kwa mitego ya fito tangu karne nyingi zilizopita. Sisi wa pwani hii hatuna haja ya kuelezwa sana, maana mtego huo ni ndugu ya wando wetu. Ua wa fito hupandwa penye maji haba. Samaki anayeelekea baharini huufuata ua mpaka akaingia kizuizini asiweze kutoka. Kila mtego una jamaa yake, na mtoto huurithi kwa baba. Kati ya fito huachwa nafasi ili wadogo wapite wakakue.

Mmoja wa samaki wanaopatikana humo ni karamamba, anayejulikana na wavuvi wetu pia. Karamamba huzaliwa baharini. Akiwa mdogo huingia ziwani, akapata chakula na maficho. Akikomaa hutoka kwenda baharini kuzaa. Ziwa, basi, ni malezi. Aliharibuye ziwa ameharibu na bahari.

Karamamba huyo huyo ndiye anayetamaniwa na wageni wanaokuja kupumzika. Huja na magari makubwa, na mashua juu ya trela, na mishipi ya thamani. Hulipa ada, wakapewa kibali, na sheria huwaruhusu karamamba 5 kwa mtu mmoja kwa siku, kila mmoja asipungue sentimita 40. Kuuza hawaruhusiwi. Sheria hiyo ni nzuri, na sisi twaisifu. Kuvua kwa mchezo si dhambi, na mgeni aliyechoka na kazi ana haki ya kukaa kando ya maji akatulia.

Lakini sisi tuliosomea ualimu tumezoea kufanya hesabu, basi na tuifanye. Wageni 10, kila mmoja karamamba 5, kwa muda wa siku 7: jumla yake ni karamamba 350. Hatusemi kwamba kila mgeni hujaza idadi yake. Wengi hawafiki hapo. Twasema tu kwamba kibali charuhusu hivyo, na mwenye kibali haitwi mwizi. Samaki wakipungua, ni nani wa kwanza kunyoshewa kidole? Ni mwenye mtego, kwa kuwa fito zake zinaonekana na kila mtu mchana kutwa, na ndoana ya mgeni imezama majini.

Mambo haya yana mizizi. Katika zama za makaburu, eneo la Kosi lilipofanywa hifadhi, wenyeji waliambiwa wahame. Wako waliohama, na wako waliokataa kuyaacha makaburi ya wazee wao. Mvuvi wa kitoweo hakuwa na jina katika sheria za nchi. Ilikuwa mwaka 1998, miaka minne baada ya ushindi wa wananchi, sheria ya bahari ilipomtaja kwa mara ya kwanza kuwa ni mvuvi kama wavuvi wengine. Mwaka 2002 magari yalikatazwa kupita ufukoni, na wavuvi wa mchezo walilalamika kwa sauti kubwa. Mwaka 2012 serikali ilitoa mpango wa kuwapa haki wavuvi wadogo kwa umoja wao. Huo ni mwendo wa mbele. Lakini haki iliyoandikwa mjini yaweza kuchukua miaka mingi kabla ya kufika ziwani.

Nasi hatutawapamba wenyeji kwa uongo. Wataalamu wameona kwamba idadi ya mitego imeongezeka sana tangu miaka ya 1990. Ziwa haliulizi kama aliyemchukua samaki ni tajiri au maskini, likizidiwa limezidiwa. Mwenye mtego naye hana budi kukubali kipimo.

Ila twauliza: kipimo hicho kitatolewa na nani? Sisi twaona mambo matatu. Kwanza, mwenye mtego akae katika baraza linaloamua, asiitwe tu kuja kusomewa maamuzi. Pili, samaki wa mshipi wahesabiwe kama wanavyohesabiwa samaki wa mtego. Tatu, samaki wakiwa haba, apunguziwe kwanza yule anayevua kwa mchezo, kwa sababu yeye akikosa samaki hakukosa chakula.

Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema mpe shamba.

Ndugu wanachama, Kosi ni mbali, lakini fito ni zile zile na karamamba ni yule yule. Siku atakapokuja mtu katika tawi lenu na karatasi nzuri juu ya ufuko au ghuba yenu, mpokeeni kwa heshima, mpeni kiti. Kisha, kabla hajaifunua karatasi yake, mwulizeni kama wavuvi wamekwisha kuisoma.