Mbwa Ni Mgeni Katika Afrika

Mtu atokaye Mwanza kwenda Musoma, akiisha kupita Lamadi, huliona lango la Ndabaka mkono wake wa kulia, na nyuma ya lango hilo ndiyo Serengeti. Humo wamo bweha wa namna mbalimbali, na bweha masikio alaye mchwa. Wasomaji wetu wengi hudhani ya kuwa mbwa wa nyumbani ametokana na hao. Sivyo, na mifupa ya kale yatuonyesha sababu.

Upande wa Kenya wa ziwa letu hili kuna kisiwa cha Rusinga, ambako Mary Leakey mwaka 1948 alivumbua fuvu mashuhuri la mnyama wa kale wa jamii ya sokwe. Tabaka zake zina umri wa miaka kama milioni 18. Wanyama walao nyama wamo, tena wengine wakubwa ajabu, lakini wa ukoo wa mbwa hayumo hata mmoja. Ukoo huo ulikuwa ungali Amerika ya Kaskazini, ulikoanza kiasi cha miaka milioni 40 iliyopita kwa kijinyama chembamba chenye mkia mrefu, kisichozidi mbweha mdogo. Baadaye sana wakavuka penye nchi kavu iliyoiunganisha Amerika na Asia, na mifupa ya mbweha wa miaka kama milioni 7 imepatikana Chad. Kwetu Laetoli, penye nyayo za watu wa kale za miaka milioni 3.66, mifupa ya jamaa zao imo pia. (Fisi, ambaye sura yake hutudanganya, yu karibu zaidi na paka na nguchiro.)

Mbwa wa nyumbani alikuja mwisho wa wote. Asili yake ni mbwa mwitu wa kijivu wa Ulaya na Asia, aliyefugwa zaidi ya miaka 14,000 iliyopita.

Amekutana basi na jamaa zake waliomtangulia, na jamaa huambukizana. Mwaka 1990 kichaa cha mbwa kilithibitishwa miongoni mwa mbwa mwitu wa Serengeti, na mwaka 1991 makundi yaliyokuwa yakichunguzwa yalitoweka. Ilibidi warejeshwe wengine kuanzia mwaka 2012. Mwenye mbwa Magu au Bunda na amchanje kila mwaka. Naye aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo.