Kufuli si Kanuni

Katika chuo kimoja cha upande huu wetu wa kusini mwa Maniema, ambacho sitakitaja jina, nilikaribishwa siku moja kutazama chumba cha kompyuta. Tulifika mlangoni tukakuta kufuli kubwa la shaba, na juu yake karatasi ya Kifaransa yenye makatazo 14. Mwenzangu akamwambia mlinzi: "Papa, utufungulie." Akajibu kwa upole kwamba ufunguo anao chefu, na chefu amekwenda Kindu. Nikachungulia dirishani. Kompyuta zilikuwa zimefunikwa kwa vitenge, zimepangwa safu safu kama maiti wanaongoja kuswaliwa. Mlinzi akaniambia kwa fahari: "Tangu ziletwe, hakuna hata moja iliyoharibika."

Ndugu msomaji, kompyuta isiyowashwa imekwisha kuharibika, ila msiba haujatangazwa tu. Unyevu wa masika unaiingia, betri yake inakufa polepole, programu zake zinazeeka mpaka siku itakapowashwa haitaweza kusoma kazi iliyoandikwa mwaka huu. Mzee aliyeificha isichakae ameichakaza yeye mwenyewe.

Sisi watu wa Nyangwe tuna sababu yetu ya pekee ya kuudhika na kufuli lile. Livingstone alipofika kwetu mwishoni mwa Machi 1871 alikuwa ameishiwa karatasi na wino. Akaandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti kuukuu la Kiingereza, The Standard, mwandiko wake ukikatisha mistari iliyochapwa, kwa wino aliotengeneza kwa mbegu za mmea. Humo ndimo alimoandika habari za tarehe 15 Julai mwaka huo, siku ambayo watu wa mfanyabiashara Dugumbi waliingia na bunduki katika soko letu, jambo lisilokuwa desturi, wakawapiga risasi watu waliokuja kuuza na kununua, wengi wao wanawake. Waliokimbilia mitumbwi wakazama katika Lualaba. Waliokufa walikadiriwa kuwa kati ya 330 na 400. Wino ule ulififia hata maandishi yakawa hayasomeki. Miaka 140 ikapita. Ndipo wataalamu wakazipiga picha kurasa zile kwa nuru za rangi mbalimbali, kompyuta ikatenganisha wino wa mbegu na wino wa gazeti, na mwaka 2011 maneno yakaonekana tena. Leo yako wazi kwenye intaneti, bila malipo. Mwanafunzi wa Edinburgh anaweza kuyasoma akiwa kitandani. Kilembwe wa mwanamke aliyezama, anayesomea historia hapa hapa, anangoja chefu arudi kutoka Kindu.

Sisemi kanuni ziondolewe. Kitu cha watu wengi kisichokuwa na kanuni huwa cha mwenye nguvu. Ninachosema ni kwamba kila katazo linalobandikwa ukutani lina deni: linamdai aliyelibandika amweke mtu wa kumsaidia yule aliyekatazwa. Katazo lisilolipa deni hilo ni kufuli lililoandikwa kwa herufi.

Chukua katazo ambalo hakuna chumba cha kompyuta kisicholijua: flashi marufuku. Hofu yake ni ya kweli. Mwanafunzi anaandika TFC yake, ile kazi ya mwisho wa masomo, katika mojawapo ya zile sekretaria za kando ya barabara zenye kuchapa na kutoa fotokopi. Flashi ya huyu inaingia, inatoka, inaingia ya yule, na virusi vinasafiri kama chawa katika nyumba ya wageni. Akifika chuoni akaifungua, anakuta mafaili yake yote yamegeuka vijialama visivyofunguka. Analia. Anaamini kazi ya miezi sita imeliwa. Nimemwona mmoja akilipa kuchapiwa upya kurasa zote, kwa fedha ya kukopa, na kwa haraka iliyomletea makosa mengine mengi.

Kumbe kazi haikuliwa. Virusi vya namna hiyo huyaficha tu mafaili, vikaweka mahali pake njia za mkato za uongo. Anayejua huyafichua kwa dakika moja. Basi lile katazo limemfaa nani? Limemrudisha mwanafunzi kule kule kwenye sekretaria, shimoni kwa chawa, na kompyuta za chuo zimebaki safi kwa sababu haziguswi na mtu. Dawa haina gharama kubwa. Iwekwe mashine moja kuukuu karibu na mlango, itiwe mfumo wa Linux, ambao virusi hivyo havikuandikwa kwa ajili yake, na kila flashi ipite hapo kwanza isafishwe, kama mtu anavyonawa miguu kabla ya kuingia msikitini. Hapo utakuwa na kanuni na msaada katika tendo moja, na hakuna atakayehitaji kusoma karatasi.

Au lile la simu zisichajiwe humu. Hili nalo nalitetea. Chumba kinachotegemea paneli za jua kina betri za asidi, na betri hizo zikikamuliwa kupita nusu kila siku hufa mapema sana. Simu 40 ukutani ni mnyonyaji mkubwa. Lakini kijana aliyetoka Kabambare kwa pikipiki, ambaye mama yake hampati ila kwa simu hiyo, atachomeka tu, usiku au mchana, kwa ruhusa au kwa hila. Chuo chenye akili kinatundika paneli moja ndogo barazani na betri yake ya pekee, kikasema: simu ni pale. Ugomvi umekwisha.

Msidhani ugonjwa wa kufuli ni wetu peke yetu. Mwaka 1974 Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mashine za hesabu za serikali kuleta hasara na vurugu. Fedha ilikuwa imenunua mashine, lakini wajuzi wa kuziendesha hawakuwapo wa kutosha, na hukumu ikaiangukia mashine. Miaka 30 baadaye, mwaka 2004, katika nchi hiyo hiyo, kundi la Kilinux la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lilitoa Jambo OpenOffice, programu za kuandikia na kupigia hesabu ambazo menyu zake zote zilisema Kiswahili. Huo ndio msaada ninaoudai. Hawakumpigia mwanafunzi kelele kwamba hajui Kiingereza. Waliifundisha mashine lugha yake. Nasi huku, ambako Kiswahili kimesemwa Kasongo tangu enzi za Tippu Tip, tunabandika makatazo 14 kwa Kifaransa cha mahakamani, kisha tunashangaa yakivunjwa na mtoto wa mwaka wa kwanza ambaye hajawahi kugusa kibodi. Yaandikwe kwa lugha zote mbili. Na yapunguzwe, mimi ningebakiza matano.

Enyi wanafunzi, msipige makofi mapema, kwa maana zamu yenu imefika. Kompyuta ya chuo si ya baba yako, wala si ya mfadhili. Ni ya yule atakayekuja kukaa kwenye kiti hicho saa moja baada yako. Wewe unayejaza diski kwa sinema, wewe unayebeti mechi za Ulaya kwa mtandao unaolipiwa na ada za wenzako, unakula cha mtu aliye nyuma yako kwenye foleni. Wewe unayeondoka bila kufunga akaunti yako, ukirudi ukute barua imetumwa kwa jina lako, usitafute mchawi. Na wewe unayeshika neno la siri la msaidizi wa profesa ili utazame pointi, ujue kwamba huo si ujanja wa shule tena. Sheria ya mambo ya dijitali ya Kongo, yaani Ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inalihesabu jinai tendo la kuingia katika mfumo wa kompyuta usioruhusiwa. Huyo msaidizi anayemwachia mwanafunzi neno lake la siri ili amwingizie pointi, kwa sababu yeye ana safari, afadhali asome sheria hiyo kwanza.

Intaneti ikiwa ghali, kama ilivyo kwetu, kuna mengi yasiyoihitaji. Kiwix ni programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2007. Inakuwezesha kuisoma Wikipedia nzima pasipo mtandao, ya Kiswahili na ya Kifaransa, ikishapakuliwa mara moja mahali penye mtandao mzuri na kubebwa kwenye diski. Chefu huyo aendaye Kindu mara kwa mara angeweza kurudi nayo.

Wazee wa kamati ya uongozi watauliza fedha. Swali lao ni halali, nami nawajibu kwa swali: mazutu ya jenereta ina mstari wake katika bajeti, rangi ya ukuta ina mstari wake, mtu wa kukaa na wanafunzi ana mstari upi? Wanafunzi wawili wa mwaka wa mwisho, waliopata mafunzo na kulipwa posho ndogo kwa zamu, wanatosha kuanzia. Na saa za kufungua zitazamwe upya. Mara nyingi chumba hufunguliwa jioni jenereta inapowashwa, na jioni ndiyo saa ambayo binti anatakiwa awe nyumbani, maji yamechotwa, bugali iko motoni. Hakuna katazo lolote kati ya yale 14 linalomtaja binti, lakini ratiba hiyo imemkataza kuliko yote. Saa nane mchana jua lipo, paneli zimeshiba, naye yupo chuoni.

Ufunguo wa pili akabidhiwe mlinzi. Yeye haendi Kindu.