Mashine Nayo Ipimwe

Desemba 2010 Shirika la Afya Ulimwenguni liliidhinisha GeneXpert, mashine ionyeshayo kifua kikuu katika makohozi kwa muda usiotimia saa mbili. Twaipokea kwa furaha, kwani hadubini huwakosa wagonjwa wengi.

Lakini mgonjwa amefaidika nini? Uchunguzi wa Afrika Kusini, Zimbabwe, Zambia na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba wengi zaidi walianza dawa siku ile ile. Hata hivyo afya zao baadaye hazikuwashinda waliopimwa kwa hadubini. Sababu mojawapo ni kuwa waganga walikwisha kuwapa wengi dawa kwa dalili tu, hata hadubini ilipokosa vijidudu. (Hayo wauzaji hawayatangazi.)

Mashine hii yataka umeme usiokatika na chumba kisichozidi joto la nyuzi 30. Kikasha cha kupimia hutumika mara moja tu, nacho, hata baada ya bei kupunguzwa mwaka 2023, ni karibu dola 8.

Basi twazitaka serikali zetu, zinunuapo mashine, zihesabu pia umeme, fundi, dawa, na nauli ya mchimba madini aambiwaye arudi kesho kuchukua majibu.